Uso wa Nkambo Tuliuendea Lubumbashi

Sisi tuliokulia Kapata, kambi ya wachimba shaba pale Kolwezi, wakati nchi ikiitwa Zaïre, tusidanganyane: kwenda Lubumbashi ilikuwa kama kwenda Ulaya. Wiki nzima kabla ya safari mama alitusugua magoti kama anasugua sufuria, na tata, baba yetu, fundi wa mitambo mgodini, alipiga pasi abakosti yake, suti ya enzi zile, mara tatu, akatukataza hata kuisogelea. Leo wajukuu zangu wanatoka Kolwezi asubuhi, wanafika Lubumbashi, wanarudi, na ukiwauliza wameona nini, wanakuonyesha picha ya sahani ya chipsi.

Sisi tulikuwa na shughuli kule. Nkambo, yaani bibi yetu, mama yake mama, alikuwa ameshafariki, na picha yake ya pekee tuliitundika ukutani, saloni, pale tulipokaribisha wageni. Msimu mmoja wa mvua paa likavuja. Mvua ile ilikuwa na roho mbaya jamani! Ilifuta uso wote, ikaacha kitambaa cha kichwa na bega la kushoto. Mama aliendelea kulipangusa vumbi lile bega kila Jumamosi. Halafu asubuhi moja, akiwa anasonga bukari, mwiko ukasimama.

"Batoto," akasema, "mi naanza kusahau uso ya mama yangu."

Mama hakuwa mtu wa kuogopa, nyoka aliwaua kwa mchi. Siku ile aliogopa, na sisi tukaogopa naye. Tata akasema basi, Lubumbashi kuna wachoraji wa tablo, picha za rangi, twende wamchore.

Tulifikia mtaa wa Kamalondo kwa mujomba Kalenga, kaka yake mama. Mchoraji alikuwa jirani yake, na alitupa saa nane mchana, siku moja tu, kwa sababu kesho yake alikuwa anasafiri. Asubuhi tata akaona si vibaya kutupitisha mize, jumba la makumbusho, tuone vitu vya wazee wa zamani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na msalaba wa shaba, ile misalaba waliyotolea mahari zamani. Tata akasimama pale kama amekutana na ndugu yake.

"Sitwayeni," akamwambia mlinzi, kama raia tulivyoitana enzi zile, "hii shaba njo ya kwetu!"

Akaanza kumweleza inavyochimbwa, inavyoyeyushwa, mikono juu. Watu wakakusanyika. Wazungu wawili wakadhani ndiye kiongozi wa mize, wakamfuata, na tata, badala ya kukataa, akawapeleka chumba kwa chumba akieleza hata vinyago asivyovijua. Kimoja kilikuwa na shavu limevimba. "Huyu," akasema bila aibu, "alikuwa chef ya kijiji, meno ilimusumbua sana." Mlinzi mwenyewe aliandamana nao, akiitikia.

Mama naye alikuwa amekwama kwenye kabati la mawe. "Yesu wangu! Si hii mi nawekaga ku mulango, upepo isiufunge?" Lilikuwa jiwe la malakiti, la kijani, kama yale tuliyorushiana tukitoka shule. Hapa walikuwa wameliwashia taa.

Saa saba na nusu tata alikuwa bado na wazungu wake. Mama akapenya katikati yao, akamkamata abakosti kwenye mkono.

"Tata Ilunga," akamwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, "shaba haikimbie. Mama yangu njo anakimbia."

Tata akawaaga wazungu wake, tukatoka mbio.

Tulimkuta mchoraji anafunga brashi zake. Mama hakubembeleza, alimwekea tu ile picha mapajani. Jamaa akaitazama, akaguna, akatandika kitambaa cha gunia la unga. Kitambaa cha kichwa akakimaliza fasta. Bega, hivyo hivyo.

"Bon. Pua?"

"Munene," akasema mama.

"Kadogo!" akasema mujomba, aliyetungojea pale.

"Macho?"

"Ya ukali."

"Ukali gani? Ya huruma!"

Watu walionyonya ziwa moja! Mchoraji alichora, akafuta kwa tambara, akachora, akafuta, mpaka akauliza, "Bamama balikuwa babili?" Tukacheka, lakini mama hakucheka. Aliketi chini, akalia. "Tumemupoteza," akasema. "Kalenga, tumemupoteza kabisa."

Mujomba akasimama, akashika kiuno, akatoa sauti nyembamba ya mama yao: "Nani alikula karanga ya mbegu? Mufungue kinywa, ninuse!"

Mama akapasuka kicheko na machozi bado yako shavuni. "Si mimi, mama, ni Kalenga!" akajibu, kama mtoto wa miaka sita.

"Usinyamaze, mama," akasema mchoraji, akimkazia macho usoni. Brashi sasa ilikuwa inakimbia.

Alipogeuza tablo, mujomba aliruka. "Lakini huyu ni weye!"

Mama aliitazama muda mrefu. "Hapana," akasema. "Ni yee. Mi sikujua niko naye."

Kapata nzima ilikuja kuiona. "Mama, balikuchora muzuri, lakini juu ya nini balikufunga hii kitambaa ya zamani?" Tata alichoka kueleza, akaishia kuwasimulia habari za shaba.

Mama naye ameshaondoka. Ninazo picha zake tele kwenye simu, na wajukuu wanazifungua, wanamwekea masikio ya mbwa, wanacheka, wanapita. Sisi tuligombania pua moja mchana kutwa. Siwalaumu, hakuna kilichowavujia. Ila nikimtaka mama, simu naiacha, nasimama mbele ya tablo.

Juzi mjukuu wangu wa mwisho alinikuta nimesimama pale. Akaitazama, akanitazama.

"Nkambo, balikuchora wapi hii?"

Nilifungua kinywa nimweleze, nikaghairi.

"Lubumbashi," nikamwambia. "Siku tata yangu alituchelewesha ku mize."