Mbegu za Mvivu

Hebu jioneni mmesimama nami kwenye kaunta ya duka la pembejeo hapa Njombe, asubuhi baada ya sakitu, ile baridi inayogandisha umande, kuunguza viazi vichanga mashambani. Mbele yetu majirani wawili walikuwa wakizungumza.

"Mimi nilipanda kwa kiasi, nusu shamba," alisema mmoja akisugua viganja. "Yote imeungua, na mgongo bado unaniuma. Wewe je?"

"Sikupanda. Nilikuwa jikoni naota moto. Mbegu zangu zote zipo ghalani."

"Kumbe ulijua sakitu inakuja!"

"Nijulie wapi, kaka? Sikujali tu."

Mke wa huyo asiyepanda, aliyesimama kando yake, alishusha pumzi, akacheka mpaka akashika kaunta. "Wiki mbili nimemnunia, nikihofia watoto watalala njaa. Asante Mungu kwa huyu mvivu!"

Miaka mingi nimewafundisha watoto kufanya kila jambo kwa kiasi. Sasa naona mwenye kiasi alipata nusu ya hasara na uchovu wote, ilhali mvivu amebaki na mbegu na mgongo mzima. Naomba mkumbuke jambo moja tu: mkimkuta jirani amekaa bure, msalimieni kwa heshima. Huenda mkapanda tena kwa mbegu zake.