Matundu Sitini na Moja ya Loisi Ndahani

Loisi Ndahani alianza kulipia mvua ya mawe mwaka ambao hata ya maji haikunyesha. Mtu wa bima alipita kanisani kwetu Miyuji baada ya ibada, akaeleza habari za moto, mafuriko, upepo na mvua ya mawe, nasi tukamsikiliza kwa adabu kwa sababu alikuja na soda. Soda zilipokwisha tukaondoka. Loisi akabaki. Aliuliza maswali matatu, akafungua pindo la kanga, akalipa.

Njiani nilimwambia, "Elfu sabini kwa mwaka, Loisi. Dodoma hii unalipia mvua?"

"Silipii mvua. Nalipia bati."

"Bati ulishalilipia. Nilikuwepo."

Nilikuwepo kweli. Mimi na Loisi tulizaliwa kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, na huko mawe yakinyesha watoto tulitoka nje kuyaokota na kuyatafuna. Hasara ilikuwa ya mtama shambani, si ya paa. Bati tuliliona shuleni na kanisani. Loisi alipofiwa na mumewe, akabaki Miyuji na kiwanja na kuta zisizo na kichwa, alisema hatarudi kwenye udongo. Alikaanga karanga akaziuza stendi kwa abiria wa mabasi ya Kondoa, na kila alipopata ya kutosha tulikwenda dukani tukarudi na mabati mawili, moja kichwani mwake na moja kichwani mwangu. Aliogopa wezi, kwa hiyo aliyapanga chumbani alikopanga na kutandika godoro juu yake. Alilala juu ya paa lake miaka mitatu kabla ya kulala chini yake. Yalipofika arobaini na mbili, mwanangu Sostenes, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka kujifunza ufundi, akayapigilia. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, na sijaacha kuwaonyesha watu.

Sasa bima. Alilipa miaka minne tukimcheka. Mwaka wa tano, Jumanne moja ya Januari, mbingu ikawa ya kijani upande wa mlimani, upepo ukaja, na mawe yakafuata, makubwa kama mayai ya kuku wa kienyeji. Hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Kwangu bati lilibonyea tu, maana ni jipya na nene. Kwa Loisi, ambako bati lilikuwa jembamba na limekula miaka ishirini na sita, lilitoboka kama chekeche, hasa upande wa chumba chake cha kulala uliopokea upepo.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba hicho, ameinua uso, anatabasamu.

"Loisi, umeumia kichwa?"

"Mama Sostenes," akasema, "leta kalamu."

Yeye na mimi tumeishia darasa la saba, lakini darasa la saba la wakati ule lilikuwa darasa la saba. Mkataba ule alikuwa ameusoma wote, hata maandishi madogo ya nyuma, siku nne mfululizo, kwa miwani ya marehemu mumewe. Alijua vifungu viwili vya kumfaa. Cha kwanza, asiguse paa mpaka mkaguzi afike. Cha pili, mabati yaliyotoboka yakizidi nusu, bima inalipia paa zima. Yasipozidi, wanakuletea lami na viraka.

Na Loisi hakutaka viraka. Sostenes alimpigia hesabu ya paa jipya: mabati, kofia za paa, misumari, mbao za kubadilisha na ufundi, milioni mbili na laki tatu. Loisi alikuwa na laki nne kwenye kikundi chetu cha akiba. Kwa hiyo paa lake zima lilisimama juu ya neno moja, nusu. Nusu ya arobaini na mbili ni ishirini na moja, na yeye alihitaji ishirini na mbili.

Kumsubiri mkaguzi kulituchukua siku tisa, na shida haikuwa mvua. Shida ilikuwa upendo. Akina mama wa kanisani walikuja na lami na magunia. Loisi akakaa mlangoni kwenye kigoda akawakatalia.

"Mwenzetu, utalala kwenye maji?"

"Nina mabeseni saba."

"Sisi tumekuja kukusaidia."

"Nisaidieni kwa kwenda nyumbani."

Waliondoka wakisema utajiri umemharibu. Mvua ikanyesha mara mbili, akalala amejikunyata kwenye pembe kavu. Asubuhi aliyamwaga maji ya mabeseni kwenye mchicha, akaniambia bima hata mboga inamwagilia.

Siku ya tisa akaja mkaguzi, kijana nadhifu mwenye kofia ya kazi na simu kubwa, anaitwa Obedi. Akatoa shikamoo kwa kila mmoja wetu, akavua viatu, akaanza kazi. Sebuleni aliangaza juu, akahesabu mabati yaliyotoboka, akapiga picha, akaandika. Chumba cha wageni hivyo hivyo. Jikoni hivyo hivyo. Jumla mabati kumi na mawili.

"Bado chumba cha kulala, mama," akasema, na mkono wake ukashika pazia.

Humo ndani kulikuwa na mabati kumi na moja juu, na kumi kati yake yalikuwa yametoboka. Hatua moja tu na paa lilikuwa limepatikana. Lakini Loisi alikuwa amefurahi, na Loisi akifurahi huuliza watu koo zao. Hajawahi kukaa na mtu muda wa kikombe cha chai asijue bibi yake alizikwa wapi.

"Baba, wewe ni wa wapi?"

"Mpwapwa, mama."

"Na umeoa?"

"Nimeoa Mvumi. Mke wangu anaitwa Yunisi, binti wa mzee Daudi."

Nilimwona Loisi anavyokaa sawa kwenye kiti. Nilitaka kumzuia, lakini nilikuwa mbali.

"Daudi yupi? Daudi anayechechemea?"

"Huyo huyo, mama."

"Aliyeanguka kwenye mkwaju akichunga ndama?"

"Ndivyo anavyosimulia."

"Daudi ni mtoto wa shangazi yangu," Loisi akasema kwa fahari. "Nimembeba mgongoni. Yunisi ananiita shangazi. Blanketi la shangazi ulilotoa kwenye mahari, baba, waliniletea mimi. Lipo hapo ndani, kitandani."

Obedi aliliachia pazia kana kwamba limeshika moto. Akarudi nyuma hatua tatu, akavua kofia, akageuza uso ukutani.

"Shikamoo, mama," akasema upya, kwa sauti nyingine.

"Marahaba, mkwe wangu," Loisi akajibu, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

Wasiojua mambo yetu watauliza kuna nini. Shangazi wa mke ni mama mkwe, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hatazami kitanda chake, sembuse kupiga picha za paa la chumba chake kwa simu na kuzituma ofisini. Obedi alitoka nje akakaa kwenye kivuli cha ukuta, ametupa mgongo, na Loisi akabaki ndani, nami nikawa napita katikati kama karani wa mahakama.

"Mwambie apande juu ya paa ahesabie huko," Loisi akaniambia.

Nikaenda nikarudi. "Anasema kupanda juu ya kitanda cha mkwe ni kubaya kuliko kuingia."

"Kweli," Loisi akakubali kwa huzuni. "Amelelewa vizuri."

"Mwambie mimi nitahesabu, yeye aandike," akasema tena.

Obedi akajibu mwenyewe kupitia ukuta. "Mama, naruhusiwa kuandika nilichokiona. Nilichosikia hawalipi."

Nikachukua simu yake nikapiga picha mimi. Zikatoka nyeusi zenye vitone vyeupe. Obedi akaziangalia, akasema ofisini watadhani ametuma nyota. Kumwita mkaguzi mwingine kungechukua wiki tatu, na yeye angelazimika kueleza kwa maandishi kwa nini alishindwa kufungua pazia.

"Basi niandike nilichoona," akasema kwa unyonge. "Kumi na mawili. Watakuletea lami, mama. Nisamehe."

Loisi aliketi ukingoni mwa kitanda akatazama sakafu. Ilikuwa inakaribia saa sita, jua limesimama juu, na kila tundu lilikuwa limeangusha duara la mwanga kwenye saruji, kana kwamba mtu amemwaga sarafu. Akazitazama. Kisha akainuka, akafungua sanduku, na kutoka chini kabisa akatoa shuka jeupe.

Shuka lile nalijua. Alilinunua miaka mingi iliyopita, kubwa na zito, la kuzikiwa. Hataki wanawe wahangaike siku hiyo, wala wamfunike kwa kitu cha madukani mwa sasa.

"Loisi, hilo hapana."

"Sina jingine lisilo na maua. Shika huko."

Tulikisukuma kitanda sebuleni, mkaguzi akageuka upande mwingine zaidi. Tukalitandika shuka, likajaa sakafu ya chumba, ukabaki ukingo wa vidole vinne. Tukapiga magoti, vizee wawili, kila mmoja na kipande cha mkaa, tukaanza kuzungushia kila duara la mwanga alama yake, na pembeni tukaandika namba ya bati lilikotoka.

"Loisi, jua linatembea."

"Nawe tembea."

"Magoti yangu."

"Utayalilia ukimaliza."

Nikafika pembeni karibu na mlango. "Hapa umeruka moja."

"Hilo liache."

"Lakini ni tundu."

"Nimesema liache, Mama Sostenes."

Tulipomaliza yalikuwa matundu sitini na moja, kutoka mabati kumi. Nikalipitisha shuka dirishani. Obedi akalipokea kwa mikono miwili bila kutazama ndani, akalitandaza uani, akalitazama kwa muda mrefu. Akaandika tarehe na saa pembeni, akatia sahihi. Hiki, akasema, alikuwa amekiona kwa macho yake.

Ofisini, tulivyosimuliwa baadaye, walicheka mpaka mkuu wake akatoka chumbani kwake kuuliza. Mkuu huyo ni mama mmoja wa Kondoa anaitwa Munira, na yeye hakucheka. Alisema hajawahi kulipa kwa shuka, na mtu yeyote anaweza kuchora viduara. Siku ya sita akaja mwenyewe, amevaa baibui na viatu vya kazi, shuka kwapani.

Alipokaa kupumua, Loisi akafungua mdomo. "Mwanangu, wewe huko Kondoa ni wa..."

Nikamkanyaga.

"...ni wa kunywa chai au maji?" akamalizia.

"Nitakunywa baadaye, mama. Naomba chumba."

Alisubiri saa ile ile iliyoandikwa, akatutolea kitanda, akalitandika shuka mwenyewe. "Kama matundu ni yale yale," akasema, "jua litaingia pale pale."

Halikuingia pale pale. Mianga yote ilikuwa imekaa kando ya alama zetu, kiasi cha kiganja. Munira akafungua kitabu chake.

"Subiri," Loisi akasema. "Zimepita siku sita. Jua nalo lina safari zake." Akainama, akashika pembe ya shuka, akalivuta taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kiganja kimoja. Mianga ikateleza, ikateleza, kisha ikaingia kwenye viduara vyake, moja baada ya nyingine, mpaka shuka lote likatulia.

Munira akahesabu, akitazama juu na chini. Kumi kutoka humu na kumi na mawili ya kule, ishirini na mbili. Halafu akasimama karibu na mlango. Hapo palikuwa na duara moja la mwanga lisilo na alama.

"Na hili? Hili limeongezeka lini?"

Nilimtazama Loisi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hataki kunitazama.

"Hilo si la mawe," akasema. "Ni la msumari. Fundi aliupiga pasipo na mbao wakati wa kuezeka, akauchomoa, akalifunika kwa nta ya mshumaa akadhani sikuona. Nta iliyeyuka zamani. Bima sikuilipa kwa ajili ya hilo."

"Fundi gani?"

Loisi akakohoa. "Kijana tu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza."

Miaka ishirini na sita alikuwa amelinyamazia, na ningemeza mkaa ule kama ningekuwa nao mkononi. Munira akatazama tundu, akamtazama Loisi, akafunga kitabu.

"Mtu wa kuongeza matundu," akasema, "angeanza na hilo."

Walilipia paa zima. Walikata uchakavu, kwa sababu bati nalo huzeeka, na Loisi akawauliza mbona yeye amezeeka na hajatoboka, lakini wakakata vile vile. Wakakata na kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unamtwisha mwenye nyumba. Ikabaki milioni moja na laki saba. Na laki nne za kikundi, ikawa milioni mbili na laki moja. Zilipungua laki mbili, ambazo katika hesabu ya Sostenes zilikuwa za ufundi. Nilimwita mwanangu nikamsimamisha chini ya tundu lile. Akaezeka bure, na kila msumari aliupiga mimi nikiwa chini namtazama.

Nyumba sasa ina paa la kijani linaloonekana toka barabarani. Obedi huja na Yunisi sikukuu, anakaa sebuleni, anatazama mlango wa nje. Mimi nalipa elfu sabini yangu kila mwaka na sitaki maswali.

Kilichobaki ni shuka. Loisi alikwenda ofisini kulidai, na Munira akamweleza kwa heshima zote kwamba sasa ni kielelezo, limefungiwa kwenye faili, na faili hukaa miaka saba.

"Lakini mimi nitazikwa nalo."

"Naelewa, mama. Ni utaratibu."

Loisi akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa na themanini na moja," akasema. "Sawa, nitasubiri. Ila mlikunje vizuri, na huo mkaa msiufute kwa maji moto."