Neno Nililoandika Kwenye Kioo cha Basi

Asubuhi moja niliondoka nyumbani kwa mama mdogo, mtaa wa Rugenge mjini Uvira, bila kujua naenda wapi. Hiyo ilikuwa kawaida yangu. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tano wa msingi, kazi sikuwa nayo, na mji ulikuwa mikononi mwa askari walioletwa na vita ya pili ya nchi yetu. Mama mdogo aliniomba kitu kimoja tu, nisipite mbele ya kambi yao. Nikashika upande wa kusini kwa sababu jana yake nilikuwa nimetembea kaskazini.

Karibu na bandari ya Kalundu nilikuta basi la kijani, injini wazi, miguu miwili ikitokea chini yake. Nikachuchumaa nikauliza ile waya nyekundu ni ya nini.

"Ni ya kufungia mdomo ya batu wanaulizaka ovyo," sauti ilijibu.

"Na hii bomba?"

"Weye! Lete kwanza ufunguo ya nati, ile ya kumi na saba, halafu uulize."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Miguu ilikuwa ya shoferi, mtu wa makamo aliyecheka kwa pua, baba wa mabinti watatu. Kabla ya vita alikuwa akiendesha basi hilo mpaka Bukavu. Sasa kwenye barabara ya Bukavu watu walikuwa wakiviziwa na kuuawa, na basi lilikaa bandarini likioza. Mwenye basi, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwani, alikuwa amewaza jambo ambalo mji wetu haukulijua: basi la ndani ya mji, lenye njia yake na vituo vyake, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi. Kilichobaki ni kujua lipite wapi.

"Tembeeni, muangalie," alituambia. "Muniletee njia moja, si maneno kumi."

Tulitembea siku nne. Shoferi alipima kona kwa hatua zake, mimi nikahesabu watu na kuchora kwenye daftari. Njia ya chini ilikuwa barabara kuu, kando ya ziwa. Ilikuwa na lami, hata kama ni ya vipande vipande, na madaraja yake yalikuwa imara. Lakini ilikuwa na bariyeri tano za askari, na kwenye kila moja abiria wangelazimika kushuka, kuvuka kwa miguu huku wameinua karata zao za utambulisho, na kungoja ng'ambo ya kamba. Njia ya katikati ilipita Nyamianda, penye wauza sabuni na makaa. Tulifika kwenye daraja la mbao. Shoferi akaruka juu yake mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii inabeba mbuzi," alisema. "Tena mbuzi yenye kufunga Ramadhani."

Njia ya tatu ilikuwa avenyu iliyo chini ya milima. Haikuwa na lami, na mvua zilikuwa zimeijaza mawe. Bariyeri ilikuwa moja tu, mwisho kabisa, karibu na Kavimvira. Watu walikuwa wengi kupita kiasi: wale waliokimbia vijiji vyao na kukaa familia nne katika uwanja wa nyumba moja. Siku ya tatu tulikutana na mwanamume aliyembeba mke wake mgongoni. Walikuwa wakitafuta hospitali tangu alfajiri. Mwanamke hakuwa akilia tena, alikuwa ameweka shavu kwenye bega la mume wake na macho yake yalikuwa wazi. Shoferi aliwaangalia mpaka wakapotea kwenye mteremko.

"Njia ni hii," akasema. "Kule chini batu iko na miguu na lami. Huku iko na miguu tu."

Mwenye basi alipenda lami. Nilimwekea daftari mbele nikambishia kama mwanasheria, naye mwishowe akakubali. Shoferi akaleta kipande cha karton cha kuweka kwenye kioo cha mbele. Kwa kuwa maandishi yangu yalikuwa mazuri, nilipewa rangi na brashi. Nikaandika: KALUNDU – JUU – KAVIMVIRA.

Kwetu Uvira, juu ni upande wa milima na chini ni upande wa ziwa. Mtu akikuambia nyumba yake iko juu, humuulizi zaidi, unageuza uso kwenye mlima na kutembea. Lakini miaka ile neno hilo lilikuwa na mzigo mwingine. Watu wa juu walikuwa wale wenye bunduki waliokaa milimani, ambao askari wa mjini walishindwa kuwafikia. Ukitaka kusema fulani amepanda juu, yaani amejiunga nao, ulipunguza sauti. Maana hizo mbili nilikuwa nazo mdomoni kila siku, na nilipoishika brashi niliwaza barabara tu. Shoferi alisoma herufi moja moja, akafurahi. Mwenye basi naye alisoma. Hakuna aliyeshtuka.

Siku ya kwanza ya safari nilibaki kwenye kituo cha kati ili nihesabu wanaopanda. Basi likaendelea Kavimvira likiwa limejaa. Haikupita saa moja nikaona abiria wale wale wanarudi kwa miguu, upesi, bila kuongea. Mama mmoja mwenye beseni la unga kichwani akanisogelea.

"Bamemukamata shoferi. Banasema anabeba batu kuwapeleka juu."

Nilikwenda. Sitasema nilikimbia, maana miguu ilikuwa ikitaka kurudi.

Basi lilikuwa limesimama kwenye bariyeri, mlango wazi. Shoferi alikuwa amekalishwa chini, peku, mikono imefungwa nyuma. Komanda, kijana ambaye Kiswahili chake hakikuwa cha ziwani, alishika karton yangu.

"Nani ameandika hii?"

"Ni miye, komanda."

"Muongo," shoferi alisema kutoka chini. "Nimeandika mwenyewe. Huyu hajui hata kusoma, aliacha ekole ya msingi."

Komanda akaamuru shoferi afunguliwe mikono, akatupa kila mmoja kipande cha makaa. Tukaandika kwenye ubavu wa basi. Neno langu lilitoka kama kwenye karton. La shoferi lilitetemeka, na J yake ilitazama upande usio wake. Askari wakacheka.

"Sawa, mwalimu," komanda aliniambia. "Juu ni wapi? Nionyeshe."

Nikanyoosha kidole kwenye avenyu. Lakini kutoka pale tulipokuwa, avenyu na mlima viko upande mmoja, na mkono wangu, hata nilipojaribu kuushusha, ulikuwa unaonyesha mlima. Nilieleza habari ya vituo, ya mawe, ya mwanamke aliyebebwa. Kila nilivyoeleza, nilisema juu tena. Wakanipiga kwa kamba ya bariyeri yenyewe mpaka nikanyamaza.

Kilichowafanya waache si maneno yangu. Redio iliita, komanda akaenda kuisikiliza, akarudi akiliangalia basi kwa macho mengine. Walihitaji gari la kupeleka watu wao uwandani, kaskazini mwa mji, kwenye barabara ile ya Bukavu.

"Barabara ya Sange unaijua?" alimuuliza shoferi.

Shoferi aliniangalia mimi kwanza. "Naijua."

Askari walipanda wakajaza viti, na shoferi akapanda vile vile peku. Alipowasha injini alitoa kichwa dirishani. "Rudi nyumbani. Mwambie mama ya batoto niko kazini."

Nilimwambia mke wake hivyo hivyo. Aliniuliza kama aliondoka na viatu. Nikasema ndiyo.

Siku tano zilipita. Mwenye basi alisema gari limekwisha, tumwombee mtu. Siku ya sita nilimwambia yule mama nakwenda kumtafuta mume wake, naye hakunikataza wala hakunishukuru. Kupitia Burundi kungekuwa salama zaidi, lakini basi halikupita huko. Nikawafuata wanawake wanaobeba chumvi, tukakwepa barabara, tukapita kwenye miwa ya Kiliba na mashamba ya mpunga. Waliposema lala, tulilala kifudifudi. Nilifika Sange jua likiwa bado lipo.

Nyumba nyingi zilikuwa bila milango. Mbele ya moja, mkulima, mama mtu mzima mwenye rozari shingoni, alikuwa anaanua mihogo. Alichanganya Kirundi na Kiswahili. Nikamuuliza kama ameona basi la kijani.

"Nimeliona. Lilipita, likarudi, likapita tena."

"Na shoferi?"

"Mara ya kwanza aliniomba maji. Muntu wa heshima, alirudisha kikombe mwenyewe." Akakunja gunia. "Mara ya pili liliendeshwa na askari. Ni nani yako?"

"Ni mukubwa yangu."

Hakusema pole. Alisema padri wa hapo anaandikaka wale wanaozikwa kando ya barabara, hata wasio na jina, anaandika nguo na urefu wao. Kesho baada ya misa angenipeleka. Kisha akanionyesha chumba cha pembeni, chenye mihogo mikavu mpaka dirishani, akasogeza magunia mawili na kutandika mkeka.

"Utakaa siku ngapi, mwana?"

Nikamwambia mpaka nijue. Akaniachia maji ya kunawa, akaenda kuendelea na mihogo yake.