Kaseti ya Marehemu Mwalimu

Fundi wa redio wa Kisumu Ndogo hukaza kaseti kwa biro, taratibu, kama anayefunga kidonda. Kompyuta yake ni ya enzi za Nuhu. Husoma kaseti tu, diski haiijui. Juzi Filister, mjane wa mwalimu, alimletea kaseti ya programu za masomo alizoandika marehemu.

"Si uicheze tu, buda?" nikamchokoza fundi.

"Kila ikizunguka inalika. Nitaicheza mara moja."

Sauti ikaingia na kuhifadhiwa kwenye kiboksi alichokiunda mwenyewe, na tangu hapo kiboksi ndicho kinachoidanganya kompyuta kwamba chenyewe ni kaseti. Kwenye skrini yakatokea maswali ya hesabu. Filister akasoma la kwanza: "Filister ana mafungu tisa ya dagaa wa omena..." Akagusa jina lake kwenye skrini.

Fundi akainuka, akampa kiti chake. "Soma yote, mama. Nakala hii haichakai."