Jiko Lisilo Kwenye Ramani

Mama Cherehani alikuwa na nyumba iliyomzidi ukubwa, na mdogo wake wa kike, mjane kama yeye, alikuwa tayari kuhamia. Walipendana sana, lakini kuwaweka jiko moja ni kutafuta ugomvi asubuhi na mapema. Dawa ilikuwa kuigawa nyumba iwe mbili, kila mtu na mlango wake, kila mtu na jiko lake. Tena kwa kibali, maana fundi nguo huyu hakuwahi kukata kitambaa bila kupima.

Kwenye ofisi ya ujenzi, karani alifungua faili la zamani, akatazama ramani, akatazama picha za nyumba, akakuna kichwa.

"Mama, hili jiko la nyuma silioni huku."

Angelionaje? Marehemu mumewe, fundi mwashi, alilijenga kwa siku nne za sikukuu, miaka thelathini iliyopita, ofisi zote zikiwa zimefungwa. Mama Cherehani mwenyewe ndiye aliyemshikia kamba na kumbebea maji. Siku ya nne walikula wamekaa sakafuni, kuta hazijapigwa lipu, wanacheka kama wezi. Mpaka leo hakuna siku anayoitamani irudi kama ile.

Alimweleza karani nani alilijenga. Karani alikuwa mtu wa huruma. Akashusha sauti.

"Andika mjenzi hajulikani, mliikuta nyumba hivyo hivyo. Inapita leo leo. Ukimtaja mzee, lazima mkaguzi aje. Akisema libomolewe, nyumba ya pili huna."

Mama Cherehani akashika kalamu. Alimfikiria mdogo wake, aliyekwisha kufunga vyombo kwenye maboksi. Lakini mtu aliyepasuka viganja kwa ajili yake, leo aandikwe hajulikani? Roho ilimuuma. Akaandika majina ya mumewe yote matatu.

"Haya mama, usije ukanilaumu."

Mkaguzi alikuja, akagonga kuta, akapima dirisha, akaandika kwenye daftari lake, akaondoka. Zikapita siku tisa za roho mkononi.

Barua ilipofika, mdogo mtu aliinyakua.

"Dada, tumepewa!" Akaanza kusoma kwa sauti. "Nyumba ya pili itatumia jiko la nyuma, lililojengwa na..." Akalitaja jina lote.

"Rudia hapo."

"Dada, nimesema tumepewa!"

"Nimesikia. Rudia hapo kwenye jina."