Jumamosi Tuliyomkaribisha Sista

Je, nilipolishusha pazia la sebuleni asubuhi ile, nikalikunja na kulisukuma chini ya kitanda, nilikuwa namwandalia mgeni mahali pa kukaa, au nilikuwa namzibia mwanangu njia? Nimejiuliza swali hili ndani ya basi, kanisani, na mbele ya mashine ya kunakili pale ofisini. Kila mara hupata jibu lile linalonipendeza siku hiyo, na kwa sababu hiyo siliamini.

Mwanangu alikuwa darasa la nane katika shule ndogo ya Kikatoliki iliyojengwa ndani ya ua wa kanisa. Ilianza darasa la sita na kuishia la nane, na iliongozwa na masista kutoka kusini mwa India. Hapa Dubai shule nyingi zina ukubwa wa mji. Hii yetu ungeweza kuimaliza kwa kutembea wakati chai yako ikipoa. Sista Mkuu aliamini kwamba mtoto hasomi peke yake, husoma na ukoo wake wote. Kwa hiyo siku za Ijumaa, masomo yakiisha kabla ya adhuhuri, wazazi walioweza kuomba ruhusa kazini walitakiwa wawepo. Baba mmoja Mfilipino alikaza skrubu za viti. Mama mmoja kutoka Goa alifundisha kwaya. Mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu wa jiografia, niliwasikiliza watoto wakisoma kwa sauti.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya tuzo. Mtoto aliyefanya vizuri aliitwa jukwaani pamoja na mzazi wake, na mzazi ndiye aliyempachika utepe wa buluu kifuani. Binti yangu aliitwa mara nyingi mno. Aliitwa kwa hesabu, akaitwa kwa insha, akaitwa kwa kusoma Kiarabu. Aliitwa pia kwa ule mradi wake wa maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vya jengo letu, aliyoyakinga kwenye ndoo za rangi na kuoteshea mchicha kibarazani. Nilipanda ngazi zile nikiwa na pini mkononi, wazazi wakapiga makofi, na akina mama wakaninong'oneza kwamba nimebarikiwa. Niliwashukuru. Sikuwaambia kwamba kila utepe ulinibana mimi kuliko ulivyombana yeye kifuani.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba shule ile ikiisha, na Dubai iishe. Yeye ni msimamizi wa ghala huko Al Qusais, na kibali chake cha ukaazi ndicho kinachotushika sote watatu. Kikikatika, tumekatika wote. Mimi nina shahada ya ualimu, na kazi yangu ni kupokea wageni na kutunza nyaraka katika ofisi moja ya Jumeirah Lake Towers, nyuma ya dirisha refu ambalo halikutengenezwa lifunguke. Nimelitazama ziwa lile la kuchimbwa kwa miaka mingi bila kuusikia upepo wake. Nyumbani Songea, mwenzangu wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa shule ya wasichana aliniambia kwamba Januari nafasi ya jiografia itakuwa wazi, nami nikiitaka ataniombea. Nililishika neno hilo kama mtu ashikavyo nguzo ya basi dereva anapofunga breki. Mwezi Juni Songea kuna baridi ya kuvalia sweta. Ofisini pia navaa sweta, lakini ni kwa sababu ya kiyoyozi.

Ndipo ikaja habari ya shule kubwa. Shirika la masista lina shule ya sekondari upande wa pili wa jiji, na kila mwaka humchukua mtoto mmoja kutoka shule yetu na kumsomesha bila ada mpaka amalize. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na shaka ni nani. Binti yangu alinipa habari hiyo jikoni, akijaribu kuisema kama jambo dogo. Nikampongeza kwa maneno yote ambayo mama hupongeza nayo, na huku nikisema, ndani yangu kitu kilikaa chini kikakataa kuinuka. Ilikuwa miaka minne mingine. Kwa miaka minne hiyo mume wangu asingethubutu kugombana na bosi wake, na mimi ningeendelea kusema "karibu" kwa watu wasioniona.

Desturi ya Sista Mkuu ilikuwa kutembelea nyumba ya mtoto kabla ya kupeleka jina lake. Alituambia angekuja Jumamosi kunywa chai na kuijua familia.

Lazima nieleze tulivyoishi. Ni fleti moja ya International City, ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja ni chetu watatu. Cha pili ni cha Mganda mmoja, mlinzi katika mojawapo ya maghorofa ya mjini, anayekaa na mdogo wake. Sebule imekatwa na pazia zito, na nyuma ya pazia analala Mkenya, mpishi wa hoteli, mtu wa makamo kama sisi. Binti yangu hana meza. Husomea jikoni, juu ya mashine ya kufulia, na mashine ikianza kukamua nguo huinua daftari lake na kusubiri.

Wenzetu walipopata habari ya mgeni, hakuna aliyeombwa afanye chochote. Wao wenyewe waliamua. Mganda alisema yeye na mdogo wake wangeshinda bustanini, na nguo zao wakazikusanya kwenye masanduku. Mpishi aliinua godoro lake, akaleta meza ya kukunja kutoka kwa rafiki yake wa jengo la jirani, na tangu alfajiri akapika pilau na sambusa. Viatu vya watu wote vikaondolewa mlangoni, vikabaki vyetu. Mimi nikalishusha pazia. Sebule ikafunguka, mwanga wa dirisha ukafika hadi ukutani, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba tuliishi katika nyumba nzuri.

"Mathe, leo sisi ni wadosi, matajiri kabisa," mpishi alisema akivaa viatu. "Mkiulizwa, mwambieni mko na mpishi wenu. Si uongo, ni mimi."

"Na mlinzi pia," Mganda akadakia, akiniita bibi kwa Kiganda kama kawaida yake. "Nnyabo, tajiri gani Dubai hii ana mpishi na mlinzi na bado anapanda basi?"

Wakatoka wakicheka, wakatuachia nyumba.

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni haonyeshwi dhiki. Ukiwa na kuku mmoja, unamchinja, kisha unasema umeshiba. Mume wangu alivaa shati la harusi. Binti yangu alimwamkia Sista kwa adabu, akamvutia kiti. Sista alikula sambusa mbili, akaisifu pilau, akauliza kama meza ile ndiyo anayosomea mtoto. Mume wangu akasema ndiyo. Sista akautazama mlango wa chumba cha pili, nami nikasema ni cha wageni. Hakuna aliyetutuma tuseme hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, kama yanavyotoka "karibu tena" na "hapa ni kwako".

Hapo ndipo swali langu linaponishika. Nilipokuwa mwalimu kule Songea niliwahi kutumwa kwenye nyumba za wasichana waliotafutiwa wafadhili. Nilijua ziara kama ile hutazama nini. Niliwahi kuingia kwenye nyumba iliyofagiliwa vizuri mno, nikatoka nikifikiri kwamba hawa wanaweza kujisaidia. Je, jambo hilo halikunijia hata kidogo nilipokuwa nalikunja pazia? Nakumbuka uzito wa kitambaa. Nakumbuka vumbi lake. Nilichokuwa nikiwaza sikikumbuki.

Alhamisi iliyofuata Sista Mkuu alituita baada ya kazi. Alizungumza kwa upole, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Alisema binti yetu ndiye bora kuliko wote, na hilo angeliandika. Lakini nafasi ya bure iliwekwa kwa ajili ya familia iliyobanwa, na yeye, baada ya kuona nyumba ile pana, yenye meza na chumba cha wageni, asingeweza kwa dhamiri safi kutupa sisi nafasi hiyo na kuwanyima wengine. Jina la mtoto wa pili lingepelekwa kesho yake adhuhuri. Alitushukuru kwa chakula. Mume wangu alinitazama.

Basi lilikuwa limekaribia nyumbani mume wangu aliponigeukia.

"Tumekomeshwa na ustaarabu wetu," alisema.

Nikamuuliza tufanye nini. Akasema yeye anaweza kukaa na anaweza kuondoka. Kazi ya ghala ni ghala popote. "Lakini wewe ndiye unayehesabu miezi, Mama. Kesho mimi niko zamu. Utakalofanya, nitakuwa nimelifanya na mimi."

Alidhani ananiheshimu, na alikuwa ananiheshimu kweli. Mimi nilisikia komeo likifungwa. Nikinyamaza, nitarudi nyumbani nikiwa na ruhusa ya kila mtu, na hakuna atakayejua. Nikimwambia Sista ukweli, nitakuwa nimejifungia kwa mkono wangu mwenyewe. Kitu kilichonitisha zaidi ni jinsi kunyamaza kulivyokuwa kwepesi. Sikuhitaji kufanya chochote. Nilihitaji tu kwenda kazini kama siku zote.

Tulimweleza binti yetu jikoni. Alikuwa anasonga ugali, hakuacha kusonga. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Akauliza kama Songea shule zinavaa sketi za rangi gani. Baba yake akatoka kwenda kuoga. Tulipobaki wawili, akapunguza moto, akaufunika ugali, akanitazama usoni kwa namna ambayo sikuizoea, bila hasira na bila kudeka.

"Mama, leo umepumua," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Nikiitwa kuchukua utepe huwa unabana pumzi. Kila mara. Nakusikia unaponipachika." Akachukua sahani. "Leo umepumua. Si vibaya. Nilitaka tu ujue kwamba najua."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa amebeba jambo hilo kutoka jukwaa hadi jukwaa, akaendelea kufanya vizuri huku akijua kwamba kila anaposhinda anamnyima mama yake hewa. Angeweza kulegea. Angeweza kukosea hesabu mbili tatu kwa makusudi, na kwa akili yake nisingegundua. Hakufanya hivyo, wala hakunilaumu. Nikaona kwamba nikinyamaza, atakwenda Songea akijua kwa nini, na hataniambia tena anayoyasikia.

Wenzetu walirejea mmoja mmoja. Tulikula pamoja sebuleni, pazia likiwa limerudi mahali pake. Nikawaeleza yote. Mpishi alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Kumbe tulipika mpaka tukaunguza," alisema.

Nikawaambia kwamba nikienda kwa Sista sitaweza kueleza maisha yangu bila kueleza ya kwao, kwani tunaishi tukipishana miguu, jambo lisiloruhusiwa hapa, na si kila mtu hupenda mlango wake ufunguliwe. Mpishi alisema masista si askari. Mganda alikuwa bado na sare ya ulinzi, ameshafungua vifungo vya shingoni. Akanigeukia.

"Nnyabo, sisi tulikuazima nyumba. Ulimi hatukuuazima. Sema." Kisha akaongeza, akichota mboga, "Lakini ukishasema, usije ukatununia miaka minne humu ndani. Jiko ni moja."

Nilimwahidi kwamba nitajaribu. Akasema kujaribu hakumtoshi, nikaahidi.

Asubuhi nilimpigia madam wangu wa ofisini kuomba ruhusa ya kuchelewa. Aliuliza kama ni ugonjwa, nikasema hapana, ni shule. Akaniambia nirudi kabla ya wageni wa mchana. Nikapanda basi, nikapanda treni, nikashuka kituo cha karibu na kanisa. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Uani watoto walikuwa wamejipanga kwa sala ya asubuhi, na binti yangu alikuwa mstari wa nyuma. Aliniona nikipita. Hakupunga mkono.

Mlango wa ofisi ya Sista Mkuu ulikuwa wazi. Alisimama kunilaki, akaanza kunishukuru tena kwa sambusa. Nikaufunga mlango nyuma yangu, nikakaa kabla ya kukaribishwa, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamkatiza.

"Sista," nilisema, "nyumba uliyoiona Jumamosi si nyumba tunayoishi."

Nikamweleza chumba kimoja na watu watatu. Nikamweleza wanaolala chumba cha pili, ambao si wageni, na anayelala nyuma ya pazia. Nikamweleza mashine ya kufulia na daftari linaloinuliwa ikikamua. Kisha nikamwomba asisubiri tumwandalie, achukue mkoba wake twende sasa hivi, kabla ya adhuhuri, akaione ilivyo.

Akauchukua mkoba.