Mlioicheka klipu ya bibi aliyevaa kofia ya marehemu: yule mjane ni bibi yangu

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa wangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. ID hii ninayo muda mrefu, ila sijawahi kuweka hata komenti moja. Darasani niko hivyo hivyo: mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini naangalia dawati mpaka ajibu mwingine. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye daftari yanaishia huko huko.

Haya ya leo daftari limeyashindwa. Nina hasira.

Mtakaosema ni chai, semeni. Mimi nilikuwepo, na picha siweki. Sababu mtaiona huko mbele.

Naandika kutoka Pande, Kilwa. Babu yangu mzaa mama alifariki msimu huu wa korosho. Aliugua muda mfupi tu, akatutoka. Mimi ndiye nilikuwa nakaa naye na Bibi, kwa sababu shule iko karibu na kwao.

Babu alikuwa mtu wa redio. Redio yake ilishavunjika mfuniko wa betri, akaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Taarifa ya habari ikianza, hata kuku alikuwa hatakiwi kulia. Ukinong'ona kidogo tu, anainua fimbo: "Nyamazeni! Dunia inasema!"

Siku ya msiba Bibi hakulia. Watu walifikiri ni ujasiri, lakini mimi ninayelala naye chumba kimoja nilimwona. Alikaa kwenye mkeka kama mtu aliyesahauliwa pale. Uji hakunywa, maji hakunywa. Akisalimiwa, haitiki. Mama alianza kuogopa, akasema tutazika wawili.

Ndipo akaja Bi Somoe.

Wakuu, hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo mliposhindwa kuelewa.

Bi Somoe ni Mngindo, sisi ni Wamachinga kwa kabila. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Kwetu mtani haitwi msibani, anakuja mwenyewe. Kaka zake Bi Somoe ndio waliochimba kaburi la Babu, jua likiwaka, huku wanatutukana kwamba ukoo wetu tunakufa hovyo hovyo na kuwachosha watu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshateka maji, amewasha jiko la kilio, amenyang'anya jogoo mmoja kwa nguvu akisema ni fidia yake.

Alipomwona Bibi kakaa vile, aliingia ndani. Akatoka amevaa kanzu ya Babu inayoburuza, kofia ya Babu imemziba macho, fimbo mkononi, na redio kaibana kwapani. Akatembea kama Babu, ule mguu wa kushoto ukichelewa. Akakohoa kama Babu. Akasimama mbele ya mkeka.

"Nyamazeni! Dunia inasema! Na wewe mwanamke, nimeondoka asubuhi tu, uji wangu nani kanywa?"

Bibi akamtazama. Akacheka. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka, watu wote nao wakacheka. Halafu kicheko kikageuka, akalia. Alilia kwa sauti, Bi Somoe kamkumbatia na kanzu ile ile, kofia imeanguka huko. Alipomaliza kulia aliomba maji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtani alimrudisha bibi yangu.

Sasa binamu yangu Hamisi alirekodi. Simlaumu. Tuna mama mdogo yupo Mtama, alikuwa amejifungua juzi yake, asingeweza kuja kumzika baba yake. Hamisi akamtumia kwenye grupu la ukoo ili naye awepo. Mama mdogo aliangalia yote, akatuma sauti yake analia na kucheka pamoja. Kwa hilo simu naishukuru. Babu mwenyewe angekuwa na simu kubwa tusingelala.

Klipu ilitokaje kwenye grupu, mpaka leo hakuna anayekubali. Mtu kampa mtu, mtu kaweka status, na mtu mwingine asiyetujua kabisa kaikata.

Ameikata pale Bibi anapocheka. Kulia hakuweka. Kukumbatiwa hakuweka. Akaileta humu humu jukwaani na kichwa cha habari: "MCHAWI AVAA NGUO ZA MAREHEMU, MJANE AFURAHIA KIFO CHA MUMEWE. KUSINI BADO SANA."

Nilifungua uzi ule nikiwa na nguo za kufua mkononi. Nilisoma komenti mpaka povu likakauka.

"Huyo bibi ndiye kamla mzee."

"Mjane kashapata shamba la mikorosho, kwa nini asicheke?"

"Elimu, elimu, elimu."

"Mchomeni moto huyo mwenye kofia."

Na chini ya kila moja, vikatuni vya kucheka vimepangana kama kunguru kwenye waya. Mliocheka wengine nawajua kwa ID, nyuzi zenu za ushauri wa ndoa na za simu zipi zinatunza chaji huwa nazisoma na kuziheshimu. Nilikuwa nawaona kama wajomba.

Kuna mtu akatengeneza stika. Uso wa Bibi, mdomo wazi, na lile jino lake moja, maandishi juu: "MUNGU KAMCHUKUA."

Stika ile ilifika kwenye grupu la darasa letu. Matokeo ya mtihani wa hesabu yalipotoka, kijana mmoja aliyefeli akawekewa sura ya bibi yangu. Darasa zima likacheka. Aliyeiweka hakujua. Mimi nilijua, na sikusema. Niliinamisha kichwa, nikawa nachora pembetatu.

Ila hayo ni yangu, ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni Bi Somoe.

Bi Somoe anapika vitumbua. Kijiji chetu chote asubuhi kinaanza na vitumbua vyake. Klipu ilipozunguka, mtoto wake aliyeko Dar alimpigia: "Mama, umetutia aibu, kazini wananiita mtoto wa mchawi." Kisha hapa hapa kijijini, watu waliocheka naye siku ile kwa macho yao, wakaanza kusita. Nilimwona mama mmoja anamvuta mtoto wake mkono asipite karibu na lile jiko la vitumbua. Mama huyo huyo alikuwepo msibani! Alikula wali wa msiba! Lakini simu imemwambia ni uchawi, basi ameiamini simu kuliko macho yake.

Neno mchawi kwa mwanamke mzima, wakuu, huku kwetu si stika. Linaweza kukutoa nyumbani kwako.

Bi Somoe akatuma neno: arobaini haji.

Sasa kwetu jivu la jiko la kilio halifagiwi na wenye msiba. Linakaa pale uani mpaka arobaini. Hitma ikisomwa, mtani ndiye anafagia, anatukana kidogo, watu wanakula, maisha yanaendelea. Asipokuja, hakuna wa kuligusa. Bibi aliposikia alisema neno moja: "Basi nitakaa na jivu mlangoni mpaka na mimi nichukuliwe."

Akarudi kukaa kwenye mkeka vile vile kama mwanzo.

Nikajikaza. Kwanza niliripoti uzi kwa mods. Nikajibiwa kwamba haujavunja kanuni za jukwaa. Nikamfuata mleta uzi PM, nikamwandikia kwa adabu zote, "shikamoo mkuu," nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Jibu lake ninalo:

"Dogo, hiyo ni burudani tu. Mtandaoni ukija na roho nyepesi utalia kila siku. Halafu thibitisha kama ni bibi yako, tuma picha."

Nitume picha! Yaani nimpe sura nyingine ya Bibi atengenezee stika nyingine. Ndiyo maana nimesema siweki picha.

Basi nikaamua kwenda kwa Bi Somoe mwenyewe. Bibi yuko eda, hatoki. Mama alikuwa amesharudi Mitwero kazini. Hamisi anaona aibu. Nikabaki mimi, ambaye hata kuomba chumvi jirani naanza kufanya mazoezi njiani.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi. Nimekuja kwa niaba ya familia. Tunakuomba radhi sana kwa yaliyotokea, tunakuomba uje."

Aliacha kupepeta. Nilifikiri atafurahi. Macho yakamjaa machozi.

"Marahaba mjukuu wangu. Mmeniomba radhi?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Nenda salama. Wasalimie."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Nilirudi nimechanganyikiwa. Nikamweleza Bibi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Umemwomba radhi? Mtani? Umepiga na magoti?"

"Ndiyo."

"Mtoto wewe umetumaliza! Mtani anaombwa radhi? Ukimwomba radhi umemwambia ni mgeni! Umemwambia kweli alikosa! Shule mnafundishwa nini?"

Wakuu, hiyo ndiyo mara ya kwanza Bibi alipandisha sauti tangu wiki ya msiba. Akanivuta kwenye mkeka, akanifundisha maneno ya kwenda kusema. Kila nikikataa ananifinya. Mimi, ambaye mkubwa akipita nasimama ukutani, nikamtukane bibi mzima mbele ya wateja wake!

Kesho yake asubuhi nikaenda. Jikoni kwake kulikuwa na wateja wachache tu. Nikasimama.

"Shikamoo bibi," nikasema, mazoea. Halafu nikafumba macho. "Bibi kasema wewe Mngindo mlafi! Jogoo wa kilio ulimla mpaka shingo, ukamnyang'anya paka mifupa! Leo zamu ya ufagio imefika unajifanya mgonjwa wa mtandao! Kasema usipokuja atakuja kukufagia wewe, na hayo meno yako mawili atayatupa kwa mwewe!"

Mafuta tu yanachemka.

Nilipofumbua macho Bi Somoe alikuwa ameshika upawa juu. Akawageukia wateja.

"Mmesikia? Mmesikia kitoto cha Kimachinga, hakijui hata kupenga, kinanitukana nyumbani kwangu?" Akanigeukia. "Na kutukana kwenyewe hujui! Umefumba macho kama unamezeshwa dawa! Mwambie huyo bibi yako, mjane asiye na haya, nakuja! Nakuja kula kwake mpaka auze mlango!"

Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akanitupia. Vya moto. Nilivila njiani vyote, nalia, sijui kwa nini.

Siku ya arobaini alikuja. Hitma ikasomwa, akachukua ufagio, akafagia jivu lote huku anatulaani kwamba tunachoma kuni kama tunaoka tembo. Bibi aliangalia kupitia mlangoni, nikamwona anapumua.

Kisha watu wakamletea kofia ya Babu. Kila mtu alikuwa anangoja. Akaivaa. Akabana kwapa kama ana redio. Akafungua mdomo.

Akaona kijana mmoja, mgeni, ameshika simu. Maskini hakuwa anarekodi, alikuwa anasoma meseji tu. Lakini Bi Somoe alifunga mdomo. Akavua kofia, akaanza kuikunja kunja mikononi kama kitu alichokiiba.

Hapo, wakuu, ndipo nilipoona mlichofanya. Mwanamke asiyemwogopa mtu, aliyemtania hata shehe, aliogopa kisimu.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, ya kukohoa kohoa:

"Nyamazeni! Dunia inasema! Na wewe Mngindo, umekuja kufagia au kukunja kofia yangu?"

Ilikuwa ni Bibi. Kwenye mkeka wake, na kikohozi cha Babu kabisa. Sikujua kama anaweza.

Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Aliirudisha ile kofia kichwani, akaingia ndani, na walichotukanana huko siwezi kuandika hapa, mods watanifungia, maana hiyo wangeiona inavunja kanuni.

Hakuna aliyerekodi. Simu zote zilikuwa mifukoni.

Vitumbua bado havijarudi kama zamani, nisiwadanganye. Yule mama bado anavuta mtoto. Stika bado inazunguka. Uzi bado upo, na asubuhi ya leo kuna aliyeandika tena "mchomeni."

Mimi sichukii utani, wala sichukii klipu. Nacheka sana za watu wanaoanguka harusini, ingawa siku hizi nikicheka najiuliza aliyeanguka ana mjukuu yupo shule gani.

Nilichojifunza ni hiki. Msituambie utani wenu wa humu ni sawa na wa kwetu. Kaka zake Bi Somoe walitutukana huku wamo ndani ya shimo mpaka mabegani, wanamchimbia babu yangu. Ndiyo bei ya utani. Mtu aliyekulipia hivyo, akuite vyovyote anavyotaka.

Mleta uzi, najua unasoma. Futa. Na aliyetengeneza ile stika naye afute.

Wengine karibuni mseme, hata mkinipinga nitasoma zote, ingawa kujibu sijui kama nitaweza. Na anayetaka kunitania bibi yangu, ruhusa anayo. Ataje tu jina lake la kweli na siku atakayokuja Pande. Jembe tunalo.